Vibao vya mishale kwa uwanja wa gofu ya diski: kuvitengeneza vidumu kwenye hewa ya bahari ya Tanga

Kila uwanja mpya wa gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kikapuni, unapofunguliwa, maswali kuhusu vibao vya kuwaelekeza wachezaji njia huwa ni yaleyale: mbao gani, kuandikwe nini, nguzo izame kiasi gani, mbona rangi imebanduka kabla ya mwaka kwisha. Swali linalopaswa kutangulia hayo yote huulizwa mwishoni, kama huulizwa: kibao kikae wapi? Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Tumechukulia una mashimo 9 kwenye ardhi ya pwani, tuseme shamba la minazi na mikorosho kati ya Tanga mjini na Pangani, au kiwanja cha shule chenye miembe. Kwa mashimo 18 zidisha vifaa mara mbili. Aliye Bagamoyo afuate hivihivi. Chumvi ni ileile na mchwa ni walewale.

Humu "kituo" ni mahali pa kurushia diski mara ya kwanza, "kikapu" ndiko inakokwenda kuishia, na "shimo" ni kipande chote kati ya viwili hivyo.

Shika hili kabla ya kununua hata msumari: mshale hukaa pale mtu anapopotelea. Mchezaji akishatoa diski kwenye kikapu cha 3, huinua kichwa na kujiuliza, "Sasa wapi?" Jibu liwe mbele ya macho yake wakati huohuo. Kibao kizuri kilichosimikwa kwenye kituo cha 4, mita 70 nyuma ya mikorosho, kitamsaidia akishafika, na akishafika hana haja nacho.

Kabla ya kuanza: ruhusa

Pata kauli ya mwenye shamba na umjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji. Kama uwanja unagusa ufukwe, nenda halmashauri kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na nguzo iliyomiminiwa zege ni kitu cha kudumu. Kwenye kipande hicho, ukiruhusiwa, tumia vigingi vya kuchomeka tu.

Vifaa vya mashimo 9

- Mbao za inchi 1 kwa 6, urefu wa futi 12: vipande 3. Kila kimoja kinatoa mishale 8 ya sentimita 45. Utahitaji mishale 18 hivi. Inayobaki ni akiba.
- Mbao za 2 kwa 4, futi 12: vipande 7. Kila kimoja kikatwe katikati upate nguzo 14 za sentimita 183.
- Bolti za milimita 8 zilizopakwa zinki, urefu wa sentimita 10, pamoja na nati na washa mbili kwa kila moja: 40. Spana yake ni namba 13.
- Praima ya mbao (rangi ya kutangulia): lita 2. Moja inaweza kupelea, mbao kavu hunywa.
- Rangi ya mafuta: njano lita 1, nyeupe lita 1, nyeusi robo lita. Tapentaini lita 1.
- Lami baridi ya kupaka: lita 2.
- Saruji mifuko 2 ya kilo 50 kama nguzo zote zitawekewa zege, na mchanga na kokoto zake.
- Msasa namba 80 na namba 120, brashi ya inchi 2, sponji ya godoro, karatasi za manila au filamu za zamani za eksirei.
- Msumeno, drili yenye keekee ya milimita 9, pimamaji, futi kamba, mtaimbo, beleshi.
- Maboksi ya karatasi ngumu, maka nyeusi na kamba ya katani kwa ajili ya majaribio.

Kuhusu aina ya mbao. Mninga, mvule na mkongo vinadumu, lakini bei yake haistahili mshale wa sentimita 45. Kwa mishale, mbao za paina zilizokauka zinatosha zikipakwa rangi vizuri. Kwa nguzo tafuta mtiki, na kwa Tanga hauko mbali, kwani shamba la Longuza liko Muheza. Hapo ndipo watu hununua vibaya: wanachukua miti myembamba iliyopunguzwa shambani wakiamini mtiki ni mtiki. Kinachomshinda mchwa ni kiini cha rangi ya kahawia. Mti mchanga una kiini chembamba, na sehemu nyeupe inayokizunguka huliwa kama paina. Tazama kichwa cha mbao kabla ya kulipa. Boriti za mikoko ziache. Misitu ya mikoko ni hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa.

Mabati na vyuma ni vyepesi kuandikia, lakini kibao cha chuma kinachosimama peke yake shambani kinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mbao yenye namba haina soko.

Hatua

1. Tembeza mgeni uwanjani. Tafuta mtu asiyewahi kufika. Mpe diski, mwoneshe kituo cha 1, kisha mfuate nyuma bila kusema neno. Kila anaposimama kutazama huku na huku, chomeka kijiti chenye kitambaa. Akipotea kabisa, mwache apotee kidogo, uone alichodhani ni njia. Rudia na mgeni wa pili, safari hii asiyejua mchezo wenyewe. Usijitumie mwenyewe wala rafiki aliyesaidia kufyeka. Nyie mnaujua uwanja hata gizani, na macho yenu hayaoni tena palipo na utata.

Kwa kawaida vijiti hujikusanya sehemu nne: baada ya kila kikapu, penye njia panda, kuanzia maegesho hadi kituo cha 1, na kutoka kikapu cha 9 kurudi mlangoni. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa karibu kila mahali.

2. Andika orodha. Kila kijiti kipe namba, kisha andika anayekitazama anatoka wapi, anakwenda wapi, na mshale uelekee kushoto au kulia. Mfano: "Kijiti 5: anatoka kikapu cha 4, anakwenda kituo cha 5, kulia." Orodha hii ndiyo oda yako kwa fundi, na ndiyo itakayokuokoa siku kibao kitakapong'olewa na mtu akauliza kilisema nini.

3. Weka vibao vya majaribio. Kata maboksi kwa umbo la mshale, andika kwa maka, funga kwa kamba ya katani kwenye vijiti au miti. Viache kwa wiki mbili za mchezo wa kawaida. Katani haitamaliza masika ikiwa imara, na hapa hiyo ni faida: unataka kitu cha kuhamisha kwa dakika moja. Kila mara mtu anapouliza njia mahali penye kibao, kibao hicho kimeshindwa, kisogeze. Ruka hatua hii na utakuwa unachimbua zege mwezi ujao.

4. Amua mahali hasa pa nguzo. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tulia.

Anayemaliza shimo amekuja akitokea upande wa kituo, kwa hiyo macho yake yanatazama nyuma ya kikapu. Simika nguzo mita 6 hadi 8 kutoka kwenye kikapu, upande ambao njia ya kutokea iko, lakini isikae nyuma ya kikapu moja kwa moja. Diski nyingi hupitiliza kikapu, na nguzo iliyo kwenye mstari huo itapigwa kila siku mpaka rangi ikatike.

Uso wa mshale umwelekee aliyesimama kwenye kikapu. Sasa linakuja tatizo la "moja kwa moja mbele". Mshale unaoelekea juu wengine huusoma "nenda mbele", wengine "rudi ulikotoka", wengine hawausomi. Dawa yake ni kuhamisha nguzo: ipeleke upande wa pili wa mdomo wa njia, ili mshale uwe unaelekeza kushoto au kulia kwenye mdomo wenyewe. Karibu kila "mbele" inaweza kugeuzwa kuwa "kulia" kwa kusogeza nguzo mita tatu.

Pale ambapo njia ya kutoka kikapu kimoja inapita mbele ya kituo kingine, usimpeleke mtu huko hata kama ni karibu. Diski ya gramu 170 inayotoka mkononi mwa mrushaji mzuri inaumiza. Mzungushe nyuma ya kituo, hata kama ataongeza mita 40 za kutembea, na weka mshale wa pili kwenye kona.

Angalia jua pia. Tanga bahari iko mashariki, na asubuhi anayetembea kuelekea baharini ana jua usoni. Kibao anachokikabili kipo kivulini mwake na hakisomeki vizuri. Mahali kama hapo, kipe kibao mgongo wa kichaka au shina la mwembe, kisiwe na anga tupu nyuma yake.

Urefu: katikati ya mshale pawe sentimita 115 kutoka ardhini. Chini ya hapo, nyasi za masika zitaufunika kabla hujapata mtu wa kufyeka.

5. Kata mishale. Kata mbao za 1 kwa 6 vipande vya sentimita 45. Mwisho mmoja weka alama katikati ya upana, kisha kata pembe mbili za nyuzi 45 kukutana hapo, upate ncha butu yenye kona ya mraba. Usinogewe ukachonga ncha kali. Hiyo hupasuka kufuata nyuzi za mbao diski ya kwanza ikiigonga. Umbo la mshale lina kazi kuliko mshale wa kuchorwa, maana rangi ikipauka umbo linabaki. Na kwa kuwa kipande kinageuzika, huna haja ya kuamua sasa kama ni cha kushoto au cha kulia.

Toboa matundu mawili ya milimita 9 kwenye mstari wa katikati wa upana wa nguzo, moja juu ya lingine, yakiachana sentimita 7. Mawili, hata kama unabana matumizi. Mshale wenye bolti moja huzungushwa na watoto, na kuna watu wazima pia.

6. Kausha, piga msasa, paka praima. Mbao za sokoni mara nyingi ni mbichi. Zipange chini ya paa, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, wiki tatu hadi nne. Ukipaka rangi kwenye mbao yenye maji, maji yatatafuta njia ya kutoka na rangi itavimba malengelenge.

Piga msasa namba 80, halafu 120, ulegeze kidogo kingo zote. Rangi hukimbia kwenye kingo kali na hapo ndipo pa kwanza kubanduka. Paka praima mkono mmoja, yaani mpako mmoja, pande zote, ikiwemo ndani ya matundu. Kwenye vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, paka mikono mitatu. Maji huingia hapo haraka kuliko kwenye uso. Kwenye paina, kagua vifundo: chenye utomvu unaonata kitachuruzika na kutia doa la njano-kahawia juu ya rangi yoyote. Kipande cha namna hiyo kifanye cha kujaribia brashi.

7. Paka rangi ya chini. Njano kwa mishale, nyeupe kwa nguzo. Njano na nyeusi husomeka kwenye kivuli cha mikorosho na kwenye jua kali, na haichanganyiki na majani. Nyekundu inavutia dukani, lakini ndiyo inayowahi kupauka juani. Isitoshe, mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani haioni mbele ya kichaka. Itunze kwa vibao vya hatari, tena kwa ukingo tu.

Mikono miwili, saa 24 kati ya mmoja na mwingine. Njano haifuniki vizuri na inaweza kudai wa tatu. Fanya kazi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, au alasiri chini ya mti. Rangi ya mafuta ikipakwa saa saba mchana juani hushika ngozi juu huku chini ingali mbichi, na matokeo yake utayaona mwezi wa pili baada ya kupaka. Januari na Februari, na tena kuanzia Juni masika yakishapita, ni miezi mizuri ya kupaka. Kusi likivuma kwa nguvu karibu na ufuko, paka rangi ukiwa ndani ya nyumba: chumvi ikitua kati ya mikono miwili, mkono wa juu haushiki.

8. Andika. Maneno machache kuliko unavyotaka. "KWENDA 4" inatosha. Neno "KWENDA" lina kazi: bila hilo, mchezaji akiona "4" karibu na kikapu cha 3 anadhani amekosea kikapu. Namba ni ya shimo analoliendea, kamwe si ya lile alilomaliza.

Kanuni ya ukubwa: sentimita 1 ya urefu wa tarakimu kwa kila mita 3 za umbali. Tarakimu ya sentimita 9 inasomeka mita 27, nayo inaenea kwenye ubao wa upana huu. "KWENDA" iandikwe kwa herufi za sentimita 3, kwa sababu mwenye kuhitaji neno atakuwa ameshasogea. Tarakimu ikae upande wa ncha.

Kata kigezo, yaani matundu ya umbo la herufi na tarakimu, kwenye filamu ya eksirei au manila iliyopakwa nta ya mshumaa. Tarakimu 4, 6, 8, 9 na 0 zina vipande vya ndani vitakavyodondoka. Acha vidaraja viwili vya milimita 4 kuvishikilia. Chini ya 6 na 9 weka mstari, kwani kibao kinaweza kufungwa juu chini. Chovya sponji kwenye rangi nyeusi, ifute juu ya gazeti mpaka iwe karibu kavu, kisha gongagonga. Ukisugua, au sponji ikiwa imelowa, rangi hupenya chini ya kigezo. Kama una mchoraji mabango mwenye mkono mzuri, mpe kazi hii. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kurudia mishale 18.

9. Andaa nguzo. Kata kichwa cha nguzo kwa mshazari ili maji yateleze. Sentimita 70 za chini, pamoja na kitako, zipake lami mikono miwili: 55 zitazama, na 15 zitabaki juu ya ardhi, maana nguzo huoza zaidi pale ardhi na hewa vinapokutana. Sehemu ya nguzo iliyobaki juu, isiyo na lami, paka praima na nyeupe mikono miwili.

Oili chafu ya gari inatumiwa sana, na mchwa kweli huikwepa kwa muda. Matatizo yake ni mawili: rangi haishiki kwenye mbao iliyokunywa oili, na mvua huipeleka ardhini. Karibu na kisima au bustani usiitumie kabisa. Kama umenunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani, lami si lazima, lakini vipande vinavyobaki visiende jikoni kuwa kuni. Moshi wake ni sumu.

10. Simika. Chimba shimo la upana wa sentimita 25 na kina cha 65. Chini weka kokoto sentimita 10 bila saruji, nguzo ikae juu yake, ili maji yanayoshuka yapate pa kuondokea. Ukiziba chini kwa zege umeitengenezea nguzo kikombe cha kuozea.

Kwenye udongo mwekundu unaoshikana, shindilia udongo na mawe kwa tabaka za sentimita 15, ukitumia kitako cha mtaimbo. Hapo saruji ni hasara tu. Kwenye mchanga tumia zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Ulimalize kwa mteremko unaotoka kwenye nguzo, juu kidogo ya usawa wa ardhi. Mchanga usichotwe ufukweni: chumvi yake hushika unyevu, na ufukwe wenyewe unahitaji kila kiganja ulicho nacho. Penye mwamba wa tumbawe, kama Raskazone pale Tanga mjini, mtaimbo unaweza kugoma kwenye sentimita 30. Fupisha nguzo, mimina zege, zungushia mawe makubwa.

Uso wa inchi 4 umtazame mchezaji. Hakikisha kwa pimamaji pande mbili, na zege liache siku tatu likiloweshwa kabla ya kufunga mshale. Funga bolti na washa pande zote mbili, kaza mpaka washa inaanza kuzama kidogo, kisha ponda kwa nyundo nyuzi za bolti zilizotokeza ili nati isifunguke kwa mkono. Nguzo yenye mishale miwili mgongo kwa mgongo inataka bolti za sentimita 12.

Onyo kuhusu skrubu: zile nyeusi za jipsamu ni rahisi kupatikana na zinaingia vizuri, lakini kwenye hewa ya bahari hazimalizi masika. Kichwa hukatika na kuacha machozi ya kutu juu ya njano yako.

11. Usipigilie misumari kwenye minazi. Tundu la msumari ni mlango wa wadudu na uozo, mwenye mnazi ana haki ya kukasirika, na nazi ikianguka haichagui anayesoma kibao. Kwenye mwembe au mkorosho, kama lazima, funga kibao kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unavutika mti unaponenepa. Waya utazama ndani ya mti.

12. Mikanda ya kikapu, kama vikapu havihami. Kata bomba la plastiki la inchi 2 vipande vya sentimita 15, baada ya kupima unene wa nguzo ya kikapu chako. Lipasue kwa urefu, lilegeze kwenye maji yanayochemka, livishe nguzo chini ya kikapu, chora mshale, kaza kwa waya wa mabati juu na chini. Ndani weka utepe wa mpira, bila huo utazunguka. Sugua plastiki kwa msasa kabla ya rangi. Mkanda ni nyongeza. Anayetoa diski huuona, aliye mita 10 hauoni.

13. Vibao vya hatari. Njia ya wanaokwenda baharini au shambani ikikatiza shimo, kibao kimtazame mpita njia, sio mchezaji, na kisimame mita 10 kabla ya mstari wa diski: "HADHARI! DISKI ZINARUSHWA. TAZAMA KUSHOTO." Kisha kingine kwenye kituo: "SUBIRI WAPITA NJIA." Kama kuna mti ambao diski lazima ipite upande fulani, mshale wake uwe wa rangi nyingine na ukae kwenye mti husika kwa mpira, la sivyo watu wataufuata kwa miguu.

14. Ramani ya mlangoni. Nusu karatasi ya plaiwudi ya milimita 18 inayostahimili maji, kingo zimezibwa kwa rangi mikono mitatu, nguzo mbili. Upande wa juu wa ramani uwe ndio upande anaoutazama msomaji, hata kama si kaskazini. Weka nukta ya "UPO HAPA". Umbali andika kwa mita. Kama vipimo vyako ni vya futi, zidisha kwa 0.3048.

Yakiharibika

Watu bado wanapotea baada ya kikapu kimoja tu. Simama kwenye kikapu chenyewe, chuchumaa, inuka. Mara nyingi tawi limeshuka, au kuna njia ya ng'ombe iliyo pana kuliko yako. Ziba mdomo wa ile njia kwa matawi makavu kabla ya kuongeza kibao. Vibao viwili mahali pamoja huzua ubishi.

Malengelenge kwenye rangi. Mbao ilikuwa mbichi au ulipaka juani. Kwangua mpaka kwenye mbao, kausha, anza na praima.

Rangi inatoka kwa maganda makubwa. Hukupiga msasa, au chumvi na vumbi vilikaa kati ya mikono. Osha kwa maji baridi, kausha siku mbili, msasa, rudia.

Nguzo inacheza mchangani. Usiongeze zege juu. Fukua, pigilia kipande cha mbao cha sentimita 30 kuvuka kitako cha nguzo, paka lami, fukia na mawe.

Vijia vya udongo vinapanda nguzo. Ni mchwa, na wamepita juu ya lami kupitia ufa au jani lililoegemea. Vunja vijia, fyeka duara la nusu mita, tumia dawa ya mchwa ya duka la pembejeo kwa kipimo cha lebo na glovu mkononi. Gonga nguzo: ikilia tupu, ibadilishe.

Ng'ombe wanajikuna kwenye nguzo. Nguzo ya 2 kwa 4 haitashinda. Hamishia upande wa mti, au zungushia mawe makubwa kiasi cha ng'ombe kushindwa kukaribia.

Mishale imechukuliwa kuni. Tumia akiba yako, na rudi kwa mwenyekiti wa mtaa. Watoto wanaocheza hapo wakiwa ndio waliopaka rangi mishale, wizi hupungua sana.

Kikapu kimehamishwa na mshale umebaki. Mshale unaodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na mshale. Ufungue siku hiyohiyo, funga boksi lenye maka mpaka nafasi mpya ya nguzo ipatikane, na usahihishe orodha ya hatua ya 2.